Mtutu Ukipata Moto: Soma Matundu Kabla ya Kuilaumu Bunduki

Kijana mmoja alinijia Jumamosi na karatasi yake ya shabaha, jasho linamtiririka mpaka viganjani. "Shikamoo mzee. Hii bunduki imeharibika. Nne za kwanza zimekaa pamoja, zilizobaki zimekwenda zake."

"Marahaba. Zimekwenda upande gani?"

Akaitazama karatasi kama ndiyo kwanza anaiona. Zote zilikuwa zimehamia kulia juu, zimepangana kama watoto wa madrasa, kila moja imemtangulia mwenzake kidogo. Bunduki ilikuwa nzima. Kitako, yaani ule mwili wa mbao au plastiki unaolaliwa na chuma chote, ndicho kilichokuwa kimeugusa mtutu, na kila mtutu ulivyozidi kupata moto ndivyo kilivyozidi kuusukuma.

Mimi husaidia kusimamia mstari wa wapigaji hapa Mombasa, na nina daftari ninamoandika malalamiko ya watu. Ukilisoma utadhani ni mtu mmoja analalamika kila wiki. Joto la mtutu limetajwa karibu kila ukurasa, na mara nyingi limesingiziwa. Joto lina tabia yake: husukuma matundu kwa mpango, na mpango huo unasomeka kwenye karatasi. Kwa hiyo nimeyapanga haya kwa kufuata unachokiona, siyo unachokishuku.

Maneno mawili matatu tuelewane. Mtutu ni lile bomba risasi inamopita, ambalo wazee wa Mji wa Kale bado wanaliita kasiba. Kishada ni matundu ya risasi zote ulizopiga ukilenga nukta moja. Dakika ni kipimo cha pembe: dakika moja kwa umbali wa mita 100 ni milimita 29, upana wa sarafu kubwa hivi.

Na kabla hujagusa chochote kati ya nitakayoyasema: bolti (komeo la nyuma linalofungia risasi) wazi, chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kulia) tupu, umeangalia kwa jicho na kuhakikisha kwa kidole, mdomo wa mtutu unatazama kwenye shabaha. Tena na tena, hata kama umefanya hivyo dakika moja iliyopita.

Anza hapa: jaribio la karatasi mbili

Tundika karatasi mbili mpya. Ya kushoto piga risasi tano, ukiacha mtutu upoe kabisa baina ya kila moja. Ya kulia piga kumi mfululizo, kwa mwendo wako wa kawaida wa mashindano. Kila risasi ikitoka, tazama kwa darubini na uandike namba ya tundu kwenye mchoro pembeni yako. Hilo la namba ndilo watu wanaliruka, na ndilo lenye faida yote. Kishada kisicho na namba hakiwezi kukuambia kama tundu la mbali lilikuwa la tatu au la kumi.

Kupima joto huhitaji mtambo. Gusa mtutu kwa mgongo wa vidole, katikati ya urefu wake. Ukiweza kuhesabu polepole hadi tano bila kuuondoa mkono, endelea. Ukishindwa kufika tatu, mtutu umeshavuka kiwango cha kupimia shabaha, uache upoe.

Na hapa kwetu kupoa kuna shida yake. Chuma hupoa kwa kuiachia hewa joto lake, na hewa ya Februari, kaskazi imelala na kivuli kina nyuzijoto 32, haipokei haraka kama ya Nairobi asubuhi. Ukiiacha bunduki juani ndiyo kabisa, unaipasha upande mmoja. Iweke kivulini, bolti wazi, na msimamizi akiruhusu isimamishwe kwenye rafu mdomo juu, hewa ya moto ipande na kutoka kama kwenye bomba la moshi. Ipe dakika kumi na tano. Wanasema ngojangoja huumiza matumbo, lakini hapa ngoja.

Usimwagie maji. Nimemwona mtu akiuosha mtutu kwa maji ya kisima ili upoe upesi, na visima vingi vya hapa vina chumvi. Wiki ya pili alikuwa anatafuta wa kumlaumu kwa kutu.

Dalili ya kwanza: matundu yanahama upande mmoja kadiri mtutu unavyopata moto

Hii ndiyo dalili halisi ya joto. Namba zinapangana: moja, mbili, tatu zipo katikati, nne imetoka kidogo, tano imetoka zaidi, na zote zinaelekea upande uleule. Mtutu ukipoa, risasi zinarudi katikati.

Elewa kwanza jambo lenyewe ni dogo kiasi gani. Mtutu wa sentimita 60 ukipanda nyuzijoto 60 hurefuka kama milimita 0.4. Kurefuka peke yake hakuna neno, mradi mtutu uko huru kurefuka. Neno liko kwenye kupinda. Ncha ya mtutu huo ikisogezwa pembeni milimita 0.17 tu, ambayo ni kama unene wa karatasi mbili za daftari, tundu lako kwa mita 100 litakuwa limehama dakika nzima, zile milimita 29. Ndiyo maana kitu kidogo kinachogusa mtutu kinatosha kukuharibia Jumamosi.

*Kitako kinagusa mtutu.* Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Chukua noti ya shilingi mia, ikunje mara moja, ipitishe chini ya mtutu kutoka mbele na uivute kuelekea kwenye chemba. Ipite bila kukwama mpaka karibu na mwanzo wa chemba. Ikikwama mahali, paandike alama kwa penseli, na utaona mara nyingi upande unaogusa ni ule ulio mkabala na upande zinakokimbilia risasi. Ikigusa kushoto, zinakwenda kulia. Baadhi ya bunduki zimetengenezwa makusudi kitako kiubebe mtutu mahali fulani mbele, kwa hiyo soma kijitabu chake kabla ya kutangaza kosa.

Rudia jaribio la noti mtutu ukiwa wa moto, halafu urudie tena ukiwa umeegemea vilevile unavyoegemea unapopiga. Yule kijana wa kulia juu, noti yake ilipita vizuri kabisa bunduki ikiwa mezani. Alipolala chini na mkanda umekazwa mkononi, haikupita. Mkanda ulikuwa unaivuta mbao ya mbele hadi ikaugusa mtutu.

Kwa vitako vya mbao Mombasa ina lake la ziada. Mtu yeyote aliyekulia Mji wa Kale anajua mlango unaofungika vizuri Januari na kugoma Mei, masika yakiwa yamekolea. Mbao imekunywa unyevu, imevimba. Kitako nacho ni mbao. Bunduki iliyofanyiwa kazi bara kwenye hewa kavu, ikakaa kwetu miezi miwili ya mvua, inaweza kuanza kugusa mahali ambapo haikugusa. Mwaka jana niliandika malalamiko matatu ya aina hii, yote kati ya mwisho wa Aprili na Juni, yote vitako vya mbao.

*Skrubu za kitako zimelegea, au zimekazwa ovyo.* Kiwiliwili cha bunduki, yaani chuma cha nyuma ya mtutu kinachobeba bolti, kinashikwa na kitako kwa skrubu mbili au tatu. Zikilegea, kiwiliwili hutafuta makao mapya kila risasi, na joto huzidisha mchezo. Zikaze kwa kipimo alichotoa mtengenezaji, kwa spana ya kupimia nguvu, siyo kwa nguvu za bega. Ukikaza kupita kiasi unakipinda kiwiliwili chenyewe na tatizo linakuwa jipya.

*Kitanda cha kiwiliwili hakijakaa sawa.* Hapo ndani ya kitako, pale chuma kinapolalia. Cha kujaribu: bunduki ikiwa tupu, weka kidole pale mtutu unapokutana na mbao, mwenzako alegeze skrubu ya mbele taratibu. Ukihisi chuma kinainuka au kuruka, kilikuwa kimepindwa. Kukiweka sawa ni kazi ya fundi, si ya meza ya jikoni.

*Mtutu wenyewe una msongo ndani yake.* Hii watu huitaja ya kwanza, nami naiweka mwisho kwa sababu ndiyo adimu. Mifuo ya ndani, ile inayoizungusha risasi, huchongwa, au husukumwa, au hugongwa kwa nyundo za mashine, na baadhi ya njia hizo huacha msongo kwenye chuma. Viwanda vizuri huupasha mtutu moto kwa utaratibu ili utulie. Usipotulia, ukipata joto hujikunja kidogo kuelekea upande wake, kila mara uleule. Hapana mafuta wala skrubu ya kuutibu. Ama unapiga polepole ukijua tabia yake, ama unabadilisha mtutu.

Mitutu myembamba ndiyo inayoonyesha hili zaidi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, lakini bunduki zenye umbo la kuwindia bado zimo mikononi mwa watu, na mtutu wa mwindaji ulitengenezwa mwepesi wa kubebwa porini siku nzima kwa ajili ya risasi moja, mbili, basi. Ukiupigisha kumi mfululizo kisha ukaulaumu, unamlaumu punda kwa kutokuwa lori.

*Simama hapa:* ikiwa mtutu unagusa na unaona dawa ni kuchonga mbao, msasa kidogo kwenye kitako cha mbao ni jambo la kuzungumza na fundi kwanza. Chuma usikichonge kabisa. Jirani yetu wa jua kali mwenye mashine ya kukereza anaweza kukufufulia tuktuk, lakini kutengeneza silaha kama biashara ni kazi ya mfanyabiashara aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukimpelekea mwingine, wewe na yeye mnaingia matatani, hata kama kazi yake ni safi.

Dalili ya pili: kishada kinapanuka pande zote

Namba hazina mpango. Ya nne kushoto, ya tano juu, ya sita karibu na ya kwanza. Joto la mtutu peke yake halifanyi hivi mara nyingi. Kwa hiyo tuanze na aliye nyuma ya kitako.

Ni wewe. Usikasirike. Risasi ya nane unayoipiga umelala kwenye mkeka, kofia imelowa, kuna chungu anapanda shingoni, haiwezi kufanana na ya kwanza. Mtutu umepata moto na wewe pia umepata moto, kwa wakati mmoja, ndiyo maana ni rahisi kumsingizia mwenzako. Mpe bunduki hiyo mpigaji mwingine mzuri ambaye amepumzika, mtutu ukiwa bado wa moto. Akipiga kishada kizuri, kanywe maji.

Na angalia usiwe umedanganywa na kishada kidogo. Risasi tatu zikikaa pamoja ni bahati mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Mtu anapiga tatu nzuri, anaendelea hadi kumi, kishada kinapanuka, anasema joto. Kumbe bunduki ni ya kishada hicho kipana tangu mwanzo, zile tatu ndizo zilizokuwa wageni. Linganisha tano za mtutu baridi na tano za mwisho za zile kumi, siyo tatu na kumi.

Kisha kagua darubini ya kulengea, ile iliyofungwa juu ya bunduki. Bunduki ikiwa tupu, ishike darubini na ujaribu kuitikisa kwa vidole. Skrubu za pete zinazoishika zinalegea kimyakimya, na unyevu wetu wa chumvi huzila vichwa. Piga mstari mwembamba wa rangi ya kucha kwenye kila skrubu na pete yake. Mstari ukikatika, imezunguka. Na kama darubini yako ina kirekebisho cha umbali, hakikisha kimekaa kwenye umbali unaopiga. Kisipokaa, alama ya kulengea inahama ukisogeza jicho, na jicho la mtu aliyechoka husogea.

Uchafu wa shaba ndani ya mtutu unafuata. Ukitazama mdomoni kwa tochi na kuona rangi ya shaba imepaka kwenye mifuo, safisha kwa dawa ya kuyeyusha shaba, fuata maelekezo ya chupa, kisha kausha. Mtutu uliochakaa ndani huokota shaba upesi zaidi ukiwa wa moto.

Ya mwisho ni ukingo wa mdomo na koo la mtutu. Ukingo ukiwa na kovu, hata la kugonga nguzo ya geti, gesi hutoka bila usawa na kukipiga kumbo kichwa cha risasi wakati kinaaga. Koo, pale mifuo inapoanzia mbele ya chemba, ndilo linaloliwa na moto wa baruti. Mtutu wa .308 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi) kwa kawaida huishi risasi kama 3,000 hadi 5,000 kabla ya shabaha kushuka, na kupiga haraka ukiwa wa moto ndiko kunakoufupisha umri huo. Kwa hiyo joto linahusika hapa, lakini ni joto la miaka, siyo la leo asubuhi. Kupima koo kunahitaji kamera ndogo ya ndani au kipimo maalumu, muachie fundi.

Dalili ya tatu: matundu yanapanda wima

Yamepangana juu na chini kama ngazi, kulia na kushoto hayajaenda. Hapa mtutu wa moto unafanya kazi kwa mlango wa nyuma: unaipasha baruti.

Risasi ikikaa kwenye chemba ya moto, baruti yake inapata joto, inaungua kwa kasi zaidi, shinikizo linapanda na kichwa cha risasi kinatoka kwa kasi kubwa kidogo. Kwa mita 100 huenda usione kitu. Umbali ukizidi kuwa mrefu, tofauti hiyo ya kasi huanza kuonekana. Tiba ni ya bure: usiisukume risasi chembani mpaka uko tayari kufyatua. Mpigaji anayeingiza risasi, anajipanga, anafuta jasho, anasubiri upepo, amekuwa akiipika.

Sababu ya pili ni pale ulipoziweka risasi. Gari lililofungwa juani Mombasa linapita nyuzijoto 50 ndani bila taabu. Ukizitoa humo moja kwa moja, zitapiga juu. Zikipoa kivulini, zitashuka. Namjua mtu aliyebadilisha ziro yake, yaani marekebisho ya darubini yanayoleta risasi katikati, mara tatu asubuhi moja akiifuata sanduku yake ya risasi ikipoa. Ziweke kwenye kibokisi cha kubebea soda, bila barafu, kivulini tangu nyumbani.

Ukiwa umeondoa hayo mawili, basi tazama pumzi yako. Kupumua unapofyatua huchora mstari wa wima vizuri kuliko bunduki yoyote. Halafu kifuko cha mchanga kinachoibeba bunduki mbele: kikikaa mahali tofauti kila mara, au miguu ya mbele ya bunduki ikisimama juu ya saruji ngumu, bunduki inaruka tofauti.

*Simama hapa, na hili si la kujadiliana:* bolti ikawa nzito kuinua baada ya kufyatua, fataki (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) zikatokea zimebapa au zimetoboka, gesi ikakupiga usoni, ganda likatoka na ufa. Hizo ni dalili za shinikizo la kupita kiasi. Acha kupiga. Usiseme nimalizie tano zilizobaki. Bunduki na risasi hizo vyote viende kwa fundi.

Dalili ya nne: shabaha inachezacheza

Duara jeusi linaogelea, linapanda na kushuka kama boti kivukoni Likoni. Hayo ni mazigazi, na yana chanzo zaidi ya kimoja, kila kimoja na dawa yake.

Pepea mkono juu ya mtutu, mbele ya darubini. Picha ikitulia kwa sekunde moja kisha ikaanza tena, ni hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mtutu wako mwenyewe. Ukipepea na isibadilike, ni ardhi. Mchanga na mawe ya matumbawe yakishapigwa na jua huchemsha hewa yote mpaka kwenye shabaha, na hakuna dawa isipokuwa kuwahi. Kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi picha ni tulivu. Saa sita mchana hata mpigaji bingwa anakisia.

Kwa mazigazi ya mtutu, funga ukanda juu yake, kutoka karibu na darubini hadi mbele, ili hewa ya moto itokee pembeni. Inauzwa ya lastiki na kitambaa. Mwenzetu mmoja amejitengenezea ya ukili, upana wa vidole vitatu, ameishonea velkro miishoni, na inafanya kazi sawasawa. Mwingine huja na kipepeo cha muuza mishkaki na kupepea mtutu baina ya risasi. Tulimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili watu wawili walikiazima.

Jambo moja la kujua: mazigazi huisogeza picha, hayaisogezi bunduki. Ukilenga picha iliyoinuliwa, unapiga juu. Kwa hiyo matundu yanayopanda mtutu ukiwa wa moto yanaweza kuwa hili, siyo dalili ya tatu. Weka ukanda kwanza, kisha ndiyo ushuku risasi.

Dalili ya tano: ya kwanza peke yake iko mbali, zilizobaki ziko pamoja

Watu wanasema mtutu haujapata joto. Pwani hii, ulizia mafuta kwanza. Kwa kuogopa chumvi tunaipaka bunduki mafuta ndani mpaka inateleza, na tunafanya vyema. Lakini risasi ya kwanza ikipita kwenye mtutu wenye mafuta haina njia sawa na ya pili. Pitisha vitambaa vikavu viwili au vitatu mpaka kitoke kikavu, halafu upige. Mafuta mengi mtutuni au chembani pia ni hatari, kwa sababu huongeza shinikizo, kwa hiyo hili si la shabaha tu.

Ukikausha na ya kwanza ikaendelea kukaa mbali, mahali palepale, kila siku, basi hiyo ni tabia ya mtutu wako ukiwa baridi. Iandike, uizoee. Mashindano mengi hukupa risasi za kujaribia, itumie hapo.

Dalili ya sita: Nairobi ilipiga katikati, hapa inapiga chini

Siyo joto. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi. Hapa ufukweni hewa ni nzito, inakizuia kichwa cha risasi zaidi, kinashuka zaidi. Kwa mita 100 hutaona. Kwa mita 600 utaona na utalalamika. Weka ziro upya.

Dalili ya saba: .22 inatawanya ikipata joto

Karibu haipo. Risasi ya .22 ina baruti kiduchu, mtutu wake huchukua muda mrefu kupata moto wa kusumbua. Ukiona kishada kinaharibika baada ya risasi thelathini, angalia kama umebadilisha boksi la risasi. Bunduki hizi zinachagua chakula kuliko paka wa Lamu, na toleo moja la risasi likipendwa, toleo jingine la kampuni ileile linaweza kukataliwa. Nta na grisi ya risasi zikilainika kwenye jua zinaokota mchanga vilevile, kivuli tena.

Haya yakitokea, hakuna kukagua

Umevuta kifyatulio na haikulia. Usifungue bolti. Bunduki itazame kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 hadi 60, kisha fungua huku uso ukiwa pembeni. Fataki ikichelewa, risasi inaweza kulia wakati bolti iko nusu.

Imelia kwa sauti hafifu, kama mtu amepiga makofi. Acha. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Mtutu ukaguliwe kwa fimbo ya kusafishia kuanzia upande wa chemba, msimamizi akiwapo.

Risasi nzima imekwama kwenye chemba ambayo haishikiki kwa moto. Hili ni baya kuliko yote, kwa sababu chemba inaendelea kuipika. Kwa bunduki ya bolti na mwendo wa shabaha ni nadra ilie yenyewe, lakini nadra si kamwe. Mdomo wa mtutu ubaki kwenye shabaha, usigonge bolti kwa nyundo wala kiatu, mwite msimamizi, watu wote warudi nyuma ya mstari mpaka mtutu upoe kabisa. Ikishapoa na bado haitoki, asiichomoe mwingine ila fundi aliyesajiliwa, aje yeye pale ilipo. Usiipakie kwenye gari.

Na unapompelekea fundi bunduki kwa sababu nyingine yoyote kati ya hizi, mpelekee na zile karatasi mbili, za mtutu baridi na za mtutu wa moto, zenye namba. Mtu mmoja mwenye mtutu mwembamba wa kuwindia alikwenda bila karatasi, akatozwa kwa kukazwa skrubu ambazo hazikuwa zimelegea. Safari ya pili alikwenda nazo. Fundi aliziweka kaunta, akazisoma kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akauliza: "Mkanda unaufungia wapi?"